Maji ya Njia

Jua lilikuwa linazama Mama Mabegi alipoanza kuchimba. Jina hilo lilitokana na kazi yake: alikodisha mabegi ya mgongoni na kupanga safari fupi za jangwani, za kulala usiku mmoja na kurudi, kwa watu wanaolipa ili wakachoke. Mjini walimcheka. Naye aliwacheka waliomcheka, maana kazi ilimlisha.

Jioni hii hakuwa na kicheko. Kesho binti yake, mtoto wake wa pekee, angeongoza wageni kwa mara ya kwanza, bila mama. Ndiyo maana alitangulia kufukia dumu la maji penye rundo la mawe, wageni wasije wakaelemewa na mizigo. Alishahakikisha kila kitu, akahakikisha tena, na bado hakuridhika.

Alilifunga dumu kitambaa chekundu shingoni, akaliteremsha shimoni, akaanza kurudishia mchanga.

Mjomba aliyemfunza kazi alikuwa na sharti moja. "Maji ukishayafukia hayana mwenyewe. Ukiulizwa ni ya nani, sema ni ya njia. Usimtaje mtu."

"Nani ataniuliza huko, mjomba? Mijusi?"

Mjomba hakucheka.

Chwa... chwa... chwa...

Hatua kwenye mchanga, nyuma yake. Hakugeuka. Ni mumewe huyo, amechoka kusubiri garini. Ila kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijaonekana kwa miezi mingi.

"Maji ni ya nani?" Sauti ilinong'ona.

"Ya binti yetu, ya nani tena?" alijibu kwa hasira. "Badala ya kunisaidia unaleta maswali!"

"Ahsante."

Mumewe hakuwahi kumshukuru kwa kukaripiwa. Mama Mabegi aligeuka.

Hakukuwa na mtu. Mchangani kulikuwa na nyayo zake mwenyewe tu.

Alikimbia mpaka barabarani, mchanga ukimvuta miguu. Redio ya gari iliimba. Mumewe alikuwa amelala, kinywa wazi, miguu juu ya dashibodi.

"Ulishuka?"

"Nishuke niende wapi?" Alijinyoosha. "Mbona unatetemeka, mama?"

"Washa gari. Twende nyumbani. Washa!"

Njia nzima alimpigia binti simu. Iliita tu. Mumewe aliuliza kuna nini, akaambulia kuambiwa aongeze mwendo.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Binti alikuwa jikoni, nguo zimelowa kifuani, anagida maji kutoka kwenye dumu. Shingoni mwa dumu kulikuwa na kitambaa chekundu. Mchanga mbichi ulikuwa bado umegandia chini yake.

"Mama, yule mgeni uliyemtuma kaleta maji," alisema huku akihema. "Kasema ni yangu. Sijui kwa nini hayakati kiu."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Asubuhi ilikuwa laini.

Baba alimpokonya dumu. Binti akaikimbilia ndoo. Aliimaliza, akageukia bomba, na kila alivyokunywa ndivyo sauti ilivyozidi kukauka. Kisha aliacha ghafla. Akavaa begi lake mgongoni, akaangalia mlango.

"Ananingoja anioneshe yalipo mengine."

"Huendi popote!" Baba alimshika kiuno. Mtu yule mzima, mbeba mizigo, aliburutwa kama mtoto.

Chwa... chwa... Nje kulikuwa na sakafu ya saruji, lakini hatua zilikuwa za mchangani. Harufu ya udongo uliolowa ilijaa jikoni.

"Maji ni ya nani?"

Mama Mabegi alilijua jibu la mjomba. Lilimfika kwenye ulimi. "Ya nji..." Akamtazama mwanawe. Maji yalishanywewa, yalishapata mwenyewe. Njia isingeyapokea tena. Aliogopa, aliogopa sana.

"Yangu," alisema. "Ni yangu mimi. Binti nilimtaja kwa hasira tu."

"Ahsante."

Begi lilimdondoka binti mgongoni. Akakaa sakafuni, akashika koo lake, akaanza kulia. "Kiu imekwisha, mama. Imekwisha kabisa."

Baba alimkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja. "Njoo basi, mama, uketi nasi," alimwambia mkewe.

Mama Mabegi alitaka kumjibu. Ulimi ulikuwa umenata kinywani kwa kiu. Aliinama, akaliokota begi la binti yake, akalivaa mgongoni, akaanza kukaza mikanda.