Maji ya Zamu ya Wengine

Kila asubuhi nilikunywa chai yangu ya maziwa na chumvi, nikamalizia mkate, kisha nikapanda mlima hadi kwenye miti yetu ya aprikoti juu ya kijiji. Baba alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi. Mimi, Savsan, mwenye miaka kumi na miwili, ndimi niliyeachiwa miti hiyo kumi na minne.

"Ikikauka nitajua nani alilala," aliniambia akicheka. Mimi sikucheka.

Kwetu milimani maji huenda kwa zamu. Mfereji mmoja unapita ubavuni mwa mlima, na kila nyumba ina siku yake. Siku ikiisha unaziba tundu la shamba lako kwa bamba la jiwe na udongo wenye nyasi, naye Mzee Alifbek, mgawa maji, anapita kukagua. Anayeiba maji hunyang'anywa zamu mpaka theluji ianguke.

Mwaka huo theluji ilikuwa haba, zamu yetu ikawa mara moja kwa siku tisa. Majani yakajikunja. Basi nikatoa konzi moja ya udongo kwenye tundu letu, nikafunika kwa miiba. Maji yaliyotoka hayakuzidi unene wa kidole. Nani atadhurika? Siku kumi na sita yalitiririka bila kukoma, miti ikachangamka, nami, nisiseme uongo, nikafurahi sana.

Chini kabisa ya shamba letu aliishi Bibi Nekbakht na mjukuu wake Oshur, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Siku moja mama alinituma nimpelekee mkate.

"Mlango huu umeota kiburi," bibi alilalamika. "Juzi ulifungika vizuri, leo haufungiki hata niusukume kwa bega."

Nilitazama juu ya mlango. Ufa ulikuwa umeanza pembeni, kidole changu kikaingia. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa imelowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Nilijua maji yale yametoka wapi. Nilikimbia nikaziba tundu, nikanyamaza.

Kesho yake vidole viwili viliingia kwenye ufa.

"Nitaupaka udongo keshokutwa," bibi alisema. "Mlima nao unazeeka kama mimi, viungo vinalia."

Siku ya tatu chemchemi ya kijiji ilitoa maji ya rangi ya chai. Nyumbani kwa bibi vijiwe vilikuwa vikiporomoka vyenyewe kutoka ubavuni, kimoja kimoja, bila mbuzi wala mtu. Oshur alikuwa amekaa chini ya ufa, akiviokota na kuvipanga. Niliogopa. Nikisema, miti ya baba itakufa. Nisiposema, je?

Nilimkuta Mzee Alifbek mferejini.

"Mzee, ule ubavu umelowa ndani. Ni mimi. Niliiba maji."

"Siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Hakunigombeza. Alitupa koleo chini, akashuka mbio zaidi ya nilivyowahi kumwona, nami nikamfuata.

Bibi aligoma kutoka. "Miaka arobaini nimeishi hapa. Mlima unanijua."

"Leo haukujui," mzee alimjibu, akambeba Oshur. Mimi nikamshika bibi mkono, nikamvuta huku nikilia na kumweleza kila kitu.

Tulikuwa tumefika kwa mama yangu, chai haijachemka, tuliposikia mngurumo. Ubavu uliteremka polepole, ukainama juu ya nyumba ya bibi, kisha nyumba haikuwepo. Vumbi lilifika mpaka mlangoni kwetu.

Majirani walisema mlima una hasira. Mzee Alifbek alikataa.

"Mlima hauna hasira," alisema. "Ukilowa unateremka, ndiyo tabia yake, na hauwezi kujizuia. Binadamu naye ana tabia yake: anaiba kidogo, anaficha, anangoja yapite. Ila yeye anaweza kujizuia, na akishindwa, anaweza kusema. Savsan, zamu yenu imekwisha mpaka theluji. Na ungesema siku ile ya kwanza ulipouona ufa, tungeokoa hata vyombo."

Niliitikia kwa kichwa. Miti tisa ilikufa kiangazi kile, nami mwenyewe nilimwandikia baba nikamweleza sababu.

Bibi Nekbakht alihamia kwetu. Jioni ya kwanza alinitazama, Oshur amelala mapajani mwake.

"Umenibomolea nyumba," alisema, "na umeniachia huyu. Sijui nikupige au nikubusu. Lete chai kwanza."