Alimjibu Kuhusu Kitabu

Siku hiyo chuo cha jioni kilikuwa kinapokea kazi za mwisho wa muhula, na duka la fotokopi lililotazamana na lango lake lilifurika watu hadi barabarani. Katikati ya msongamano alisimama fundi cherehani mmoja, mwanafunzi wa chuo hicho, blauzi ya kijani aliyojishonea ikimkaa sawasawa, tepu ya kupimia bado shingoni kwa haraka ya kutoka kazini. Alifungua kazi yake iliyotoka kujalidiwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kwanza.

"Kaka, hii umeijalidi macho umeyafumba?"

Mjalidi, kijana mrefu mwenye gundi iliyokauka vidoleni, hakuinua hata kichwa. "Dada, ilianguka wakati unanigombeza nifanye haraka."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Akambatiza Gundi papo hapo, naye akaitwa Sindano, na muhula mzima uliofuata walichukiana kwa bidii. Kila Sindano alipochukua kazi yake alikagua ukurasa mmoja mmoja mbele ya wateja.

"Kagua, mheshimiwa, kagua," Gundi alisema. "Foleni itakusubiri."

Uadui ule ulivunjwa na uzi. Sindano alimkuta siku moja anahangaika kushona kitabu kikuukuu, uzi unakatika kila akivuta, akashindwa kuvumilia.

"Huo ni wa kushonea vifungo vya nguo za kitoto. Ngoja."

Alirudi na uzi mnene, akaupitisha kwenye mshumaa mpaka ukateleza, akamwonyesha jinsi ya kuuvuta bila kuchana karatasi. Gundi akatazama ile mikono, akasahau alichotaka kutania.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya mapenzi, mali ya mteja ambaye hakurudi tena: majirani wawili wanaochukiana, wakawa marafiki, wakawa wapenzi. Kwa kuwa Gundi alikuwa amekifumua mafungu mafungu, walikisoma hivyo hivyo. Gundi alisoma fungu, akampelekea Sindano mchana kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake mdogo, alikofanya kazi, na jioni simu ya Sindano ikalia.

"Umefika wapi?"

"Wanatukanana kwenye ngazi. Raha tupu! Huyu dada ana ulimi."

"Kama namjua vile."

"Koma wewe!"

Lakini mapenzi yalipoanza kitabuni, Sindano alianza kununa.

"Wamemharibu," alisema kwenye simu. "Mwanamke alikuwa anajibu, sasa kila ukurasa anayeyuka. Utani wote umekwisha."

"Anapenda, jamani. Wewe ukipenda utabaki unagomba?"

"Ndiyo! Kwa nini asipende huku anagomba?"

Gundi alicheka sana, halafu akanyamaza kidogo. Sindano alikisikia kile kimya, kikampa joto usoni, akajifanya hakukisikia.

Mchana mmoja Gundi akaja akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, vidole vimesuguliwa hadi vimekuwa vyekundu. Kiwanda cha uchapaji cha mji mwingine kilikuwa kimempa kazi, na jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo. Hakuisema kazi. Alitaka kwanza kujua kama ana sababu ya kubaki.

"Sindano, yule dada wa kitabuni. Ungekuwa yeye, ungemkubali jamaa yule?"

Sindano aliliona shati, akaviona vidole. Alijua. Lakini mama mdogo alikuwa nyuma yao, mkasi umesimama hewani, ametega masikio, na Sindano akashikwa na aibu. Akashika njia iliyokuwa karibu.

"Mimi? Ningemwambia tubaki marafiki. Mapenzi yamewaharibia."

"Hata kama jamaa anamaanisha?"

"Hata kama."

Gundi akaitikia kwa kichwa taratibu, akamuaga vizuri, akamuaga na mama mdogo, akatoka.

"Wewe mtoto," mama mdogo alisema, mkasi ukishuka mezani, "ulikuwa unaulizwa kuhusu kitabu?"

"Mama mdogo, niache nishone."

Angeweza kumkimbilia. Alikuwa bado anaonekana pale nje, anangoja kuvuka barabara. Sindano akakanyaga cherehani, akashona mkono wa gauni kwenye shingo.

Habari za safari ya Gundi alizipata dukani, kwa mjalidi mpya. Alingoja Gundi apige simu. Huko alikokuwa, Gundi naye alikuwa anaishika simu kila jioni na kuirudisha mfukoni, akijiambia kwamba ameshajibiwa. Hivyo ndivyo mvua zilivyokuja na kupita.

Mwishowe akapiga Sindano.

"Sindano!" Sauti ilifurahi, kisha ikajizuia. "Vipi nyumbani?"

"Salama. Gundi, siku ile nilikujibu kuhusu kitabu."

"Kuhusu kitabu?"

"Nilijua unachouliza. Niliona haya. Jibu langu lilikuwa ndiyo, kwa ugomvi wangu wote."

Aliisikia pumzi ya Gundi ikitoka. Nyuma yake mitambo ilikuwa inanguruma.

"Ungelisema siku ile, hata begi nisingelifungasha."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu, Sindano. Ni mtu mzuri. Wazee wake wameshanipokea." Akatafuta maneno. "Sikumchukua ili kukusahau. Nisikudanganye, nampenda."

Sindano alifumba macho. Cherehani zilikuwa zimenyamaza zote chumbani. Mama mdogo alikuwa amewatoa nje wasichana wanaoshona hapo bila kuambiwa.

"Anagomba?" akauliza.

"Hagombi."

"Basi mfundishe. Utachoka na amani."

Wakacheka pamoja, na kicheko kile kikawauma wote wawili.

"Sindano, siku nyingine mtu akikuuliza..."

"Nitamjibu yeye, si kitabu. Nimeshajifunza."

"Unalia?"

"Nina mafua. Nenda kazini, Gundi."

Akakata simu yeye, upesi, kwa sababu angengoja kidogo tu angeanza kumwomba arudi.