Jeti Iliyofyonzwa kwa Mdomo

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Kikombe alichonywea mwenzangu sikigusi, na unywele mmoja ukionekana kwenye sahani, njaa yangu imekwisha hapo hapo. Sasa hebu fikiria nikajaliwa kaka anayetia mdomoni vyuma vya pikipiki za watu.

Kaka alikuwa fundi. Wateja walimwita Sikio kwa sababu injini aliijua kwa kuisikiliza tu. Mimi nilikuwa na duka la vipuri chumba cha pembeni, mlango kwa mlango. Kila alipofungua kabureta alichomoa jeti, kile kijichuma cha shaba chenye tundu dogo linaloipimia injini mafuta, akakibana kwa midomo na kupuliza. Kikigoma kuzibuka, alifyonza. Kisha alitema, tena karibu na mlango wangu.

"Kaka, pampu ya upepo ipo!" nilimfokea kila siku.

"Pampu haina ulimi," alinijibu. "Mimi nikipuliza, najua ni kitu gani kimekaa mle."

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne, asubuhi ya jua zuri, nami nilikuwa napanga plagi kwenye kabati langu la kioo. Mzee mmoja alikuja akisukuma pikipiki ya zamani, ya enzi ambazo mimi bado navaa sare ya shule. Alikaa kwenye benchi, akaweka kitambaa mdomoni, akakohoa. Alikohoa mara tatu, akatulia, halafu sauti nyembamba ikamtoka kifuani kama mlango unaofunguliwa taratibu. Akachungulia alichokitoa, akakunja kitambaa. Nikambatiza kimoyomoyo Mzee wa Kitambaa.

"Haiwaki bila choki," alimwambia kaka, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nikisimama... inazima. Nikivuta mafuta... inakwama."

"Jeti ndogo imeziba," kaka alisema kabla hata ya kuigusa. "Injini ikipumzika haipati mafuta ya kuitosha. Kazi ya nusu saa hiyo, mzee wangu."

Alifungua bakuli la kabureta. Mle ndani mlitakiwa kuwa na petroli, labda na kutu kidogo. Mlikuwa na ute. Ute mzito, wa kijani kilichofifia, uliovutika kama bamia alipouchota kwa bisibisi. Ulinuka chumba cha mgonjwa ambacho dirisha lake halijafunguliwa siku nyingi. Kaka aliumwagia petroli safi, ukakataa kuyeyuka, akaufuta kwa tambara. Akachomoa jeti ndogo, akapuliza. Ikagoma. Akafyonza.

Nililiona koo lake likipanda na kushuka.

"Kimeteremka," alisema, akijifuta midomo. Hata kutema hakuwahi.

Nilikimbilia nyuma ya duka nikatapika. Niliporudi, pikipiki ilikuwa inanguruma kwa utulivu na mzee amesimama wima. Kitambaa alikwisha kukitia mfukoni. Alimshukuru kaka kwa maneno mengi, yote kwa pumzi moja, akapanda na kwenda zake.

Kesho yake kaka alianza kukohoa. Akasema ni vumbi.

Wiki iliyofuata mzee alirudi, mashavu yamejaa, pikipiki na ugonjwa wake ule ule. Kaka alifanya kila alichojua. Alimwaga mafuta yote ya tangi, akabadilisha mpira wa mafuta na chujio, akaangalia kama boya la kabureta linapanda na kushuka sawasawa, akageuza skrubu ya hewa robo kwa robo huku ametega sikio. Kote kulikuwa safi. Jeti tu ndiyo iliyojaa ule uchafu. Nilimkimbilia na mpira wa pampu, lakini tayari alikuwa amekibana kile kitu kwa midomo. Mkono ulishazoea, haukungoja akili.

Ndipo nikamtazama mzee. Hakuwa na habari na pikipiki yake. Alikuwa anaangalia midomo ya kaka.

Tangu siku hiyo kaka hakuweza tena kujilaza. Alisinzia akiwa ameketi, mto mgongoni. Alikohoa mara tatu, akatulia, halafu ile sauti nyembamba. Kilikuwa kikohozi cha yule mzee, hakijapungua wala kuongezeka. Hospitali walimpiga picha, wakasema mapafu yake ni safi kabisa. Wifi yangu alinionyesha kopo alilokuwa anatemea mumewe. Sikutaka kuangalia, nikaangalia.

"Nusa," alininong'oneza.

Ulikuwa ute ule ule. Ulinuka petroli.

Mara ya tatu mzee alikuja saa nne asubuhi, anatembea kwa madaha. Kaka alikuwa amejikunja kwenye benchi, hana nguvu ya kushika hata spana. Nilifungua kabureta mwenyewe. Ukiuza vipuri miaka kumi na mmoja, mengine unayajua bila kufundishwa. Jeti niliichomoa kwa koleo, sikuigusa kwa mkono.

"Leo tunatumia pampu," nikasema.

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Fundi aizibue kwa mdomo."

"Pikipiki ni yako. Izibue wewe."

Nikaisogeza karibu na uso wake. Akarudi nyuma, kiganja mdomoni, macho yamemtoka. Nilitegemea anitukane. Badala yake aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, binti yangu," alinong'ona. "Na mimi nilikuwa fundi."

Akageuka, akaondoka kwa miguu. Haraka. Bila kukohoa. Pikipiki aliiacha pale pale, na hatukumwona tena.

Nilielewa: ugonjwa ulimhamia anayefyonza. Kaka naye alielewa, kwa sababu alinishika mkono, vidole vyake vya baridi.

"Itupe chooni," alisema. "Isimguse mtu mwingine. Niahidi."

"Nakuahidi."

Sikuitupa. Niliiweka juu ya kabati la kioo, kwenye kona. Mnaweza kunisema mtakavyo, lakini kaka yangu alikuwa anakufa, na ni yeye aliyenilea tangu mama alipotutoka. Siku ya kwanza nilijiambia nitaitupa kesho. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa ya kijivu. Siku ya nne akaja Pengo, fundi wa mtaa wa pili, baba wa mapacha wachanga, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Dada, nitafutie jeti ndogo iliyotumika, ya pikipiki za enzi za babu."

Kwenye kopo la vipuri nilikuwa nazo kumi na mbili. Nikamsogezea ile ya kona.

"Mbona imelowa?"

"Petroli," nikasema.

Aliiinua juu, akafumba jicho moja. "Hii imeziba, dada. Unaniuzia kokoto?" Akacheka. Akaitia mdomoni. Akafyonza.

Nilitazama koo lake. Safari hii sikutapika. Nilikuwa nasikiliza upande wa karakana, kaka alikokuwa ameketi na mto wake. Kaka alivuta pumzi moja. Ndefu. Akavuta ya pili.

Mchana huo aliomba chai. Baada ya chai alijinyoosha chali kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa wiki nzima.

"Uliitupa?"

"Niliitupa."

Aliubusu mkono wangu. Nimeona uchafu mwingi maishani, lakini sijawahi kukionea kinyaa kitu kama nilivyouonea mkono wangu ule.

Wiki mbili zikapita. Kaka alikuwa amerudi kazini Pengo alipoletwa na mkewe, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Pengo alikuwa na kitambaa mdomoni. Akakohoa. Mara tatu. Kimya. Kisha sauti nyembamba.

Kaka aliweka spana chini.

"Jeti ya dada," Pengo alisema kwa shida. "Kila siku... inaziba. Wanasema wewe... ndiye unayejua."

Akafungua kiganja. Kaka aliichukua, akaigeuza. Ilikuwa na mkwaruzo wa bisibisi yake mwenyewe. Hakumwangalia Pengo wala mapacha. Aliniangalia mimi. Nilitikisa kichwa. Nilitaka kumwambia usifanye hivyo, nakuomba, kaka.

Aliitia mdomoni. Hakupuliza. Alifyonza mpaka mashavu yakabonyea. Kisha akafumba macho, akameza. Akameza jeti yenyewe, shaba yake yote.

Pengo alivuta pumzi ndefu, akacheka kwa mshangao. Mkewe alilia kwa furaha.

Kaka tulimzika baada ya siku tisa. Kwa siku zote tisa alizungumza na kila aliyekuja kumjulia hali, isipokuwa mimi.

Pengo ni mzima. Hupita dukani na watoto wake na kuniita dada mwema. Mara nyingi hunikuta nafuta kona ya kabati, pale ilipokuwa imekaa jeti, kwa sababu pana duara dogo la ute, saizi ya punje ya dengu. Nimelifuta kwa petroli, kwa sabuni, kwa maji ya moto. Wiki iliyopita nilibadilisha kioo chote. Asubuhi lilikuwepo.