Vitabu Mia Mbili na Sita

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Pyo Mi-ran aliwasha taa za ghala la vitabu pale Paju akakuta kabati la saba tupu. Loo! Vitabu mia mbili na sita vimeyeyuka, vyote vya Gil Tae-sop, mchapishaji ambaye saa sita mchana angepewa tuzo ya kutoa vitabu vingi kuliko wenzake. Wageni wa Japani na China walikuwa njiani kuja kuviona. Kisha Mi-ran, mhesabu vitabu wa taifa, angewasomea kwamba mwaka huu Korea imewapita wote wawili kwa wingi wa vitabu, ukilinganisha na idadi ya watu.

Gil alifika akifoka. "Wapinzani wangu hao! Wivu utawaua!"

"Jana na leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Busan, kwa mama mkwe. Mpigie, ila ukianza naye humalizi."

Alimpigia, ilikuwa kweli. Tena Gil hakuwa na ufunguo. Funguo zilikuwa mbili tu: ya mlinzi, mzee Ban, na ya Ok Chun-ja, mkuu wa ghala, aliyemfundisha Mi-ran kazi.

"Mzee wangu, nani katoa vitabu?"

"Hakutoka mtu na kitabu, mwanangu. Labda wale wa karatasi chakavu, saa moja, na maboksi yao."

"Si huja Alhamisi wale?"

Mzee alijikuna kichwa. "Kumbe! Walikuwa na kibali chenye mhuri wa ofisi, nikafungua."

Nyuma ya kabati kilikuwa kimedondoka kitabu kimoja. Jalada lilisema uvuvi. Mi-ran alikifungua: kusindika kabichi, mwanzo hadi mwisho. Akakimbilia droo yake, vilimokaa vitabu vyake vingine viwili, zawadi ya Gil. Kimoja cha malezi, kingine cha kupanda milima. Ndani, kabichi ileile. Uso ulimwaka kwa aibu. Kila jalada lilikuwa na namba yake ya usajili, naye alihesabu namba tu. Hakumwambia mtu.

Saa tano kasorobo alikiweka kile cha uvuvi mezani kwa Ok, kikiwa kimefungwa.

"Mwalimu, kimebaki kimoja."

"Kitupe. Nani atalilia kabichi?"

Mi-ran aligonga jalada kwa kidole.

"Jalada linasema uvuvi, Mwalimu. Ndani sijamwonyesha mtu."

Ok alisukuma kando chai yake ya shayiri. "Jana nilikuwa navipanga, kimoja kikaanguka kikafunguka. Nikafungua cha pili, cha tatu…"

"Gil amekuhonga?"

"Nihongwe na yule domo kaya? Fungua fomu zake za usajili. Sahihi ya nani ile?"

Ilikuwa ya Mi-ran, kwenye fomu zote mia mbili na sita.

"Nimekufundisha mimi," Ok alisema, machozi yakimlenga. "Ningekaaje nikuone unaumbuka mbele ya wageni? Vikiibwa, watu wangekuonea huruma tu."

Saa sita kamili Mi-ran alisimama mbele ya ukumbi, akainama hadi kiunoni. "Hesabu yangu ni ya uongo. Vitabu vya Bwana Gil ni kitabu kimoja. Mwalimu Ok alivitoa ili anisitiri mimi."

Gil aliruka kitini. "Lakini majalada si tofauti?"

Mgeni wa Japani, mama mmoja mpole, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na hivyo vingine vyote vya nchi nzima, binti, ulifungua vingapi?"

Mi-ran alikuwa bado ameinama.

"Hata kimoja."