Safari za Jina la Jovita

Mwaka ule foleni ya khanga ilipangwa kwa mawe. Watu walikwenda kuhangaikia unga, wakaacha mawe mbele ya duka la kaya, lile la mgao, yawashikie nafasi, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Jovita, fundi cherehani wa Maisaka, hakuliamini jiwe lisilo na mwenyewe. Lake aliliandika jina kwa chaki ya kukatia nguo, herufi kubwa, ndipo akaenda kumpelekea mteja gauni.

Aliporudi alikuta kijana mrefu amelikalia.

"Kaka, umekalia jina langu."

Kijana aliinuka nusu, akachungulia chini. Alivaa suruali pana ya bugaluu iliyopigwa pasi ikasimama, shati la maua, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu asiouhitaji.

"Jovita," alisoma. "Nisamehe, dada. Nilidhani ni jiwe la mtakatifu."

"Ni la mtakatifu. Padri alilitoa kwenye kalenda siku niliyozaliwa. Na mtakatifu mwenyewe alikuwa mwanamume, akakatwa kichwa."

"Kumbe wewe ni mwanamume?"

"Endelea kukaa hapo, utajua napiga kama nani."

Foleni nzima ilicheka. Kijana naye alicheka, akasema anaitwa Kasimiri, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Arusha. Alimtazama Jovita aliyevaa gauni la kitambaa cha pazia, lililokatwa vizuri hata pazia lenyewe lingeona fahari, na moyo wake ukamtoka mchana kweupe. Khanga ziliisha kabla ya zamu yao.

"Usinune, mrembo," alimwambia. "Nitakuletea mimi."

"Ahadi za madereva nazijua. Zinaishia kwenye kona ya kwanza."

Lakini alileta. Alileta khanga, akaleta nyuzi za rangi, na safari iliyofuata akaleta lori zima mbele ya baraza la cherehani, akapiga honi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kwenye kipaji cha lori, juu ya kioo, rangi nyekundu mbichi iliandika JOVITA.

"Una wazimu, Kasimiri!"

"Wa kwako, kipenzi. Kuanzia leo, kila kijiji kinachokula vumbi langu kinakusoma."

"Kwa nini usiandike Mungu Ibariki Safari, kama wenzako?"

"Mungu ana magari mengi. Jovita ana moja tu."

Hapo nani asingeyeyuka? Jovita aliyeyuka. Alimdarizia kitambaa cha mkononi, jina Jovita pembeni kwa uzi mwekundu, akamtilia mfukoni mwenyewe. Mama yake tu ndiye aliyekunja uso. Alikuwa mama wa kupima maneno, aliyeshuka kutoka Mbulu akiwa bibi harusi, na tangu amzae binti huyo wa kwanza hakuna aliyemwita jina lake la usichana. Alikuwa Mama Jovita sokoni, Mama Jovita kanisani, na alilivaa jina hilo kama nguo ya Pasaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemweka mwanangu usoni pa gari?"

"Ndiyo, Mama Jovita. Nampenda."

"Jina la binti wa watu halipakwi kwenye bati, baba. Linafuatwa nyumbani na wazee. Lete wazee wako."

Wiki hiyohiyo simu ilipigwa posta kutoka Arusha. Karani, Wolfgang, alitoka mpaka barabarani kuita, "Fundi Jovita, simu!" na waliokuja kununua stempu wakasahau stempu.

"Unanisikia, malaika wangu?"

"Nakusikia. Na posta nzima inakusikia, unapiga kelele!"

"Basi na wasikie! Wazee wangu watakuja baada ya mavuno!"

Posta walipiga makofi. Jovita alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Tangu hapo kila aliyekutana naye alimuuliza mahindi yamefika wapi.

Mahindi yalikuwa yanabeba wakati msako wa walanguzi ulipoanza. Wenye maduka walizika sukari mashambani, wengine wakatupa sabuni ziwani, na wakorofi wa mji wakasema viboko wa Babati sasa wataoga. Lori la Kasimiri lilisimamishwa kwenye kizuizi. Chini ya magunia ya maharage zilikuwa katoni za sabuni.

Asubuhi mgambo walifika Maisaka. Walipindua vitanda, walimwaga pipa la mahindi, walibeba cherehani na vitambaa vya wateja.

"Kosa langu nini?" Jovita aliuliza.

"Sabuni ni zako. Dereva amekutaja."

"Hawezi. Mmesoma jina kwenye lori tu."

Walimlaza mahabusu, wakamwachia walipokosa ushahidi. Cherehani ilirudi bila mkanda, akafunga kamba ya katani ikazunguka kwa kilio. Hayo yangevumilika. Lakini mji wenye njaa haukosi nafasi ya kucheka, na Babati ilicheka. Sabuni ya magendo ikapata jina. Mtu alinyemelea mlango wa nyuma wa duka, akanong'ona, "Jovita ipo?" na mwenye duka akajibu, "Imeisha, jaribu kesho." Watoto wasiojua lolote walitumwa wakanunue kipande cha jovita.

Siku moja kisimani, jirani yao Redempta alimsalimu mama yake Jovita kwa sauti tamu.

"Habari za asubuhi, Mama Melkiadi?"

Melkiadi alikuwa mdogo wake Jovita, mtoto wa mwisho. Mama alisimama na ndoo yake kichwani.

"Mimi ni Mama Jovita."

"Aa, mama, huyo tumpumzishe kidogo. Tunakutakia heri tu."

Hawakumpumzisha kidogo, walimpumzisha moja kwa moja. Soko lote lilifuata, hata kanisa. Mama hakumlaumu binti yake kwa neno, ila siku alipojisikia mwenyewe anaitika "Mama Melkiadi" bila kusita, aliingia ndani akalia. Jovita alimsikia kupitia ukuta wa udongo, na ikamuuma kuliko mahabusu.

Kasimiri alifungwa. Jovita alimsubiri, na alichokisubiri kilikuwa kitu kimoja: siku Kasimiri atakaposimama Babati mchana, mbele za watu, aseme hakumtaja. Watu wangejua kwamba mgambo walisoma tu kwenye lori. Mama angerudishiwa jina lake, na wazee wangekuja hata bila mavuno. "Walisoma kwenye lori," alijiambia kila aliposokota uzi. Kasimiri alipofunguliwa, habari zilisema yuko Magugu. Hakuja. Jovita akamtafutia sababu: ana aibu, anatafuta nauli, anaumwa.

Hata ulipofika mwaka wa pili, siku moja ya gulio, mwanamke kijana alipiga hodi barazani, mtoto mgongoni, kipande cha kitambaa cheupe mkononi. Alivaa khanga mpya na alinukia sabuni.

"Karibu, dada."

"Asante, fundi. Naitwa Xaveria, natoka Magugu. Nataka gauni la ubatizo, na jina lidariziwe hapa kifuani."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Jovita."

Jovita alisimamisha gurudumu la cherehani. Mwanamke alimfungua mtoto, akamkalisha magotini. Alikuwa wa kike, na urefu wa uso aliutoa kwa baba yake, Kasimiri.

"Ni jina la nani huko kwenu?" Jovita aliuliza taratibu.

"Kwetu hakuna. Ni lako."

"Amelitoa Kasimiri?"

"Kasimiri angethubutu? Nimelitoa mimi. Alikuwa analitamka usingizini. Kila usiku Jovita, Jovita, na kitambaa chako kipo chini ya mto. Nililia mpaka nikachoka. Mwisho nikaona jina linalozurura nyumbani mwangu bila mwenyewe litanimaliza, basi nikalizalia mwenyewe. Sasa akiliita, mwanangu anageuka. Na mimi ndiye Mama Jovita."

"Yuko wapi?"

"Pale ng'ambo. Nimemleta aone."

Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha duka, amevaa kandambili, amepungua. Jovita alimwita kwa mkono. Alivuka barabara kama anayeitwa na hakimu.

"Jovita, mpenzi wa..." alianza, akamwona mkewe, akaacha.

"Nijibu moja tu, Kasimiri. Ulinitaja, au walisoma kwenye lori?"

"Mambo yamepita."

"Nijibu."

"Walinipiga. Mwenye mali angeniua. Nikafikiri... mwanamke hawatampiga. Nilikutaja."

Wapita njia walikuwa wamesimama, na Redempta alikuwa mbele yao. Siku aliyoisubiri Jovita ilikuwa hiyohiyo, mchana, mbele za watu.

"Hawakunipiga," Jovita alisema. "Walimpokonya mama yangu jina."

"Nilikupenda, Jovita. Hata sasa, Mungu anajua..."

"Rudi kivulini, Kasimiri."

Alirudi. Jovita alikichukua kitambaa cheupe, akakipima kwa mtoto kifua na mabega, akakikata. Alikishona kwa cherehani yenye kamba ya katani, kisha akachukua sindano na uzi mwekundu, wa mwisho katika zile alizoletewa. Alimchukia mwanamke yule, na alijua kwamba yule ndiye mtu pekee aliyelithamini jina lake kiasi cha kuliiba.

"Mwanangu ni somo wako sasa, jina lenu moja," Xaveria alisema, kwa upole kidogo. "Somo humpa mwenzake zawadi. Wewe utampa nini mwanangu?"

"Nimeshampa."

Ilibaki herufi moja. Ndani, mama yake alikuwa ameinama jikoni akipuliza moto, akahitaji maji.

"Jovita!" aliita. "Jovita we!"

Mtoto aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akatabasamu. Xaveria akaitika kwa niaba yake, kama mama wote wanavyowaitikia wasiojua kusema bado.

"Abee, bibi!"

Jovita alikuwa na uzi kinywani. Hakuitika.