Foleni ya Kisiagi cha Musili

Jioni ile nilitoka kununua viazi na sukuma wiki kando ya Waiyaki Way. Kiondo kimejaa, mgongo unalia. Sikuwa natafuta mambo ya watu. Mambo ya watu ndiyo hunitafuta.

Everlyn, jirani yangu, akaniita kutoka mlangoni; hapa wote huniita Shosho, yaani bibi. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, wiki yoyote angejifungua.

"Shosho, ukipita kwa lile jengo la Muchiri, mwambie Omollo arudi. Simu yake haishiki."

"Bwana yako anafanya nini kwa yule mpuuzi?"

"Kuna injini ya zamani imepatikana ndani. Muchiri anataka fundi amwambie ni ya nini."

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Everlyn na Omollo walikuja hapa Uthiru juzi tu, hawajui. Sisi wa zamani tunajua, na hakuna hata mmoja wetu anayekaribia ule mlango.

Muchiri naye? Huyo hajawahi kujenga hata banda la kuku. Kazi yake ni kuuza vitu vya marehemu baba yake na kujipaka marashi. Mlango baba yake alikuwa ameuziba kwa matofali. Yeye akayabomoa.

Lakini Everlyn alikuwa ameniomba. Nikaingia.

Giza. Harufu ya dizeli ya zamani... na chini yake harufu nyingine, kama nywele zikiungua.

"Shosho! Kuja uone historia," Muchiri akasema, akinimulika na simu machoni kama mwizi. "Hii ni injini ya gari la moshi la wazungu. Kuna mkahawa huko Karen wanaitaka. Wataiweka mlangoni na taa za rangi."

"Gari la moshi lilipita wapi hapa? Kwa choo cha baba yako?"

Omollo alikuwa amechuchumaa, anapangusa kutu na kitambaa. Akacheka puani. "Bosi, hii ni dizeli, silinda moja. Hili gurudumu kubwa lilikuwa linavuta mshipi. Naona ilikuwa ya kusaga."

"Ya kisiagi," nikasema. "Hapa ndipo tulikuwa tunasagia unga. Kisiagi cha Musili. Na nilikuwepo siku mshipi ulimshika mkono wa shati ukamvuta ndani."

Nikawaambia.

Siku hizo mtu hakupanga foleni. Debe ndilo lilipanga. Unaweka mahindi yako nyuma ya debe la mwisho, unatoka nje kupiga domo, Musili anasaga akifuata mstari. Akimaliza moja anaita kwa ile sauti yake ya kuvuta: "Nani anafuataaa?" Siku alipokufa watu walikimbia wakaacha madebe. Langu? Nilitoka nalo kichwani. Mimi si mjinga.

Tangu hapo jioni zingine injini husikika. Jengo limezibwa, dizeli hakuna, lakini inasikika. Na kila ikisikika, mwenye debe mmoja anazikwa. Wangeci kwanza, kisha Isaiah...

"Wazee hufa, Shosho," Muchiri akasema. "Hawahitaji injini."

Basi nikatazama ukutani.

Madebe yalikuwa bado kwenye mstari wao. Nikafunua la Wangeci. Mahindi yale yangekuwa yameliwa na fukusi zamani. Hayakuwa mahindi. Ulikuwa unga, laini, wa kijivu. Nikatia kidole.

Vuguvugu.

La Isaiah, vuguvugu. La mwisho kabisa, lile lililofungwa mkono kwa waya, lilikuwa la Were. Were tulimsafirisha kwao akazikwe juma lililopita. Unga wake ulikuwa wa moto.

Na nyuma ya debe la Were, umeligusa kabisa...

Mfuko wa spana wa Omollo.

"Omollo," nikanong'ona. "Nani alikwambia uweke mfuko hapo?"

"Si niliona vitu vimepangwa, Shosho. Na mimi nikapanga."

Puk.

Omollo akageuka polepole. "Imeshikana na kutu," akasema. "Haiwezi kuzunguka."

Puk... puk.

Gurudumu likasogea upana wa kiganja. Kutu ikamwagika sakafuni kama pumba. Halafu, kutoka pale mshipi ulipokuwa...

"Nani anafuataaa?"

Omollo alisikia. Alirudi nyuma hatua mbili. Muchiri alikuwa ameinua simu, anajipiga video. "Mmeskia? Bado inafanya kazi! Bei imepanda!"

Musili alikuwa ameshaita. Nafasi ile haingebaki wazi. Nikafikiria tumbo la Everlyn. Nikamwangalia Muchiri, na begi lake la ngozi juu ya kreti.

Sikufikiria sana.

Nikaweka kiondo chini, nikauinua mfuko wa spana kwa mikono miwili maana ni mzito, nikamtupia mwenyewe. Begi nikaliweka pale ulipotoka.

"Shosho! Unafanyia nini begi yangu?"

"Nakuwekea foleni, baba. Mtu mkubwa kama wewe akae mbele."

Nikamvuta Omollo kwa kola mpaka barabarani. Nyuma yetu mlio ukashika kasi, ule wa zamani wa kusaga mahindi makavu. Halafu ukabadilika. Ukawa mzito, kama kisiagi kimepewa kitu kibichi.

Halafu kimya.

Asubuhi gari la Muchiri lilikuwa pale, mlango wazi. Polisi wakasema ameenda na mwanamke wa Westlands. Mke wake alikubali upesi sana, na sababu zake nitawaambia siku nyingine. Mimi nilichungulia tu kutoka nje. Begi lilikuwa kwenye mstari, zipu imefungwa, limevimba.

Everlyn alijifungua mtoto wa kiume. Omollo sasa anatengeneza pikipiki na hathubutu kuweka spana chini, anaziuma kwa meno. Watu wanasema mimi ni mchawi. Mimi? Ningekuwa mchawi ningekuwa bado nalipa kodi ya nyumba ya mabati?

Shida ni moja. Usiku ule nilitaka kumenya viazi.

Kiondo hakikuwepo.

Nilipochungulia asubuhi nilikiona. Nyuma ya begi la Muchiri, kimeliegemea. Siwezi kukifuata mwenyewe. Mwenye kitu kwenye foleni akivuka ule mlango, si amekuja kuchukua unga wake? Nimemtuma Kui wa dukani, amekataa. Nikimwomba Omollo, ananiambia simu haishiki, na tumesimama uso kwa uso.

Jana jioni niliisikia ile injini. Puk. Polepole, kama inapasha moto.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, kama unapita Uthiru na unaamini haya ni maneno ya wazee, nisaidie. Mlango uko wazi. Kiondo ni kile chenye mistari ya zambarau. Ni kizito, utahitaji mikono miwili.

Mkoba wako weka tu chini kidogo.