Mashine Iliyong'olewa Kinga

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, asubuhi ilianza kwa mvuke. Mashuka mabichi yaliingia kwenye mashine ya kunyooshea, yakapita katikati ya mitungi miwili ya chuma cha moto inayozunguka, yakatokea upande wa pili yamenyooka. Dobi aliipenda kazi hiyo. Mikono yake ilikwenda yenyewe.

Siku moja shuka lilikwama. Dobi akapeleka vidole alinyooshe. Mashine ikauvuta mkono wake wa kulia mpaka kiganjani. Mwenzake alikimbilia swichi ukutani, akazima.

Hospitalini walimtibu vizuri, lakini vidole vitatu viligoma kukunjika. Alipokuwa nyumbani, mkono ungali na bandeji, msimamizi akaja kumjulia hali. Alileta matunda na karatasi.

"Pole sana, dada. Ndiyo kazi. Tena mkono uliupeleka mwenyewe. Tia saini hapa kwamba huna dai lolote, mambo yaishe."

Dobi alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Lakini katika nyumba hiyo aliishi pia dada wa mumewe, fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Kwa Nini.

"Kwa nini yaishe leo, na kidonda hakijapona?" aliuliza.

"Ajali haina kinga, mama," msimamizi akajibu.

"Hilo nalijua. Nauliza mashine. Yenyewe ilikuwa na kinga?"

Msimamizi akakohoa. Dobi akajibu kwa sauti ndogo, "Ilikuwa nayo. Iliharibika, wakaing'oa ili kazi isisimame."

"Basi karatasi ikae. Tutaisoma."

Msimamizi alipoondoka, Dobi alilalamika. "Wifi, utanifukuzisha kazi!"

"Kuuliza si ujinga. Cherehani ikinichoma, najilaumu, maana ni yangu. Hiyo mashine ni ya nani? Nataka kujua."

Kesho yake walikwenda ofisi ya kazi. Afisa kazi, mama mmoja mpole, aliutazama mkono kwanza, kisha karatasi.

"Umetia saini?"

"Bado."

"Vizuri. Usitie saini usichokielewa."

"Lakini ni mimi niliyepeleka mkono," Dobi alisema. "Si kosa langu?"

"Ulikuwa unafanya kazi ya mwajiri. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi hauangalii sana nani alikosea. Unataka kujua kama uliumia kazini. Mwajiri alipaswa kutoa taarifa ya ajali. Kama hakutoa, itoe wewe. Daktari atapima mkono umepoteza uwezo kiasi gani. Unaweza kudai matibabu, sehemu ya mshahara wa siku ulizolala, na malipo ya ulemavu uliobaki."

"Na kinga waliyoing'oa?" Wifi akadakia.

"Hiyo ni njia nyingine. Mwajiri akiwa mzembe, mnaweza kwenda mahakamani, ila lazima mthibitishe uzembe wake. Muoneni wakili au chama cha wafanyakazi. Msikae tu. Madai yana muda wake, na ukipita mtakosa."

"Wakinifukuza je?" Dobi aliuliza.

"Kukufukuza kwa kudai haki ni kosa jingine. Njoo hapa mara moja."

"Na asiye na mkataba wa maandishi?" Wifi akauliza.

Afisa akacheka. "Naye analindwa. Dada, unasomea uanasheria?"

"Namsomea wifi yangu!"

Haikuwa rahisi. Walizungushwa, njoo leo, njoo kesho. Yule mwenzake aliyezima mashine aliogopa, kisha akakubali kueleza alichoona. Daktari akapima. Mwishowe fidia ilikubaliwa. Baada ya kumsikiliza wakili, Dobi aliamua kutokwenda mahakamani. Mkaguzi wa usalama kazini naye alifika hotelini, akaifunga mashine mpaka ilipowekwa kinga mpya.

Dobi alirudi kazini, safari hii mezani, akipokea nguo za wageni. Siku hiyo hiyo alimwona mwenzake mwingine akificha mkono ndani ya kanga.

"Nini hicho?"

"Mvuke umenibabua kidogo. Si kitu. Mashuka yananisubiri."

Dobi akaifunua kanga taratibu. Ngozi ilikuwa imevimba na malengelenge.

"Twende zahanati, halafu tukaandikishe ajali," alisema, akimshika bega. "Mashuka yatangoja."